Mwongozo kamili: Kumchapa yangeyange kwa mbao, kwa njia ya Kijapani

Picha ninazotumiwa na wasomaji zinafanana mno. Manyoya yamechongwa kwa subira na shingo imepinda vizuri, lakini mdomo umehama milimita mbili kutoka kichwani. Anga lina mabaka kama ukuta ulioliwa na chumvi. Na ndege mwenyewe, aliyetakiwa awe mweupe pe, ametoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kisha chini ya picha mtu ananiandikia kwamba mkono wake bado haujui kuchonga.

Mkono wako hauna kosa. Katika nyingi ya picha hizo, kuchonga ndiko kulikokwenda sawa. Kilichoharibu kazi ni maji. Uchapaji wa Kijapani hautumii wino wa mafuta wala mashine ya kubana. Unatumia rangi ya maji, uji wa mchele, karatasi yenye unyevu na nguvu ya mkono. Maji yakiwa ya kiasi, hata mchongo wa mwanafunzi hutoa picha ya kupendeza. Yakizidi au yakipungua, hata mbao za fundi aliyebobea zitakuaibisha.

Hapa tutamfuata yangeyange mmoja tu, tangu penseli hadi karatasi iliyokauka. Nimemchagua kwa kuwa ndege mweupe ni mtihani mgumu katika kacho-e, yaani picha za maua na ndege. Mchoraji wa Kijapani Ohara Koson (1877–1945) aliwachora yangeyange mara nyingi, na chapa zake zilizotolewa na mchapishaji Watanabe Shozaburo huko Tokyo ni darasa tosha kwa atakayezitazama kwa makini. Tena huyu ndege unamjua. Yule mdogo mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, anayetembea kwenye mashamba ya mpunga ya Japani, ndiye huyo huyo anayetembea kwenye mabonde ya mpunga na fukwe zetu. Nenda ukamtazame kabla hujashika penseli.

Jambo moja ulishike tangu sasa: ndege huyu hachapwi kwa rangi nyeupe. Weupe wake ni karatasi yenyewe, na kazi yako yote ni kuilinda isichafuke.

## Vifaa

Mbao. Tafuta mbili, za sentimita 20 kwa 28, unene milimita 9 au zaidi. Utazichonga pande zote mbili, kwa hiyo una nyuso nne: ya mistari, ya vipande vidogo vya rangi, ya anga, na ya chapa kavu ya manyoya, yaani chapa isiyo na rangi. Mafundi wa Japani huchonga kwenye yamazakura, mcheri wa milimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana. Wanafunzi wengi hutumia plaiwudi ya shina, mti laini wa Japani, na ukiipata ndiyo ya kuanzia. Epuka msonobari, maana pete zake ngumu na laini hukivuta kisu huku na huko. Mvule na mninga vina vitundu vinavyojitokeza kwenye rangi kama chunusi. Mchungwa na mpera vina nyuzi safi, ila ni shida kupata kipande kipana. Ubao wowote utakaotumia uwe umepasuliwa kwa urefu wa gogo, na uupige msasa laini mpaka kiganja kisihisi kitu.

Visu na patasi. Kisu kimoja chenye ncha ya mshazari (Wajapani hukiita hangito), patasi ndogo bapa ya milimita 3, patasi mbili zenye mdomo wa mviringo, nyembamba na pana, na patasi bapa ya milimita 15 kwa ajili ya kento, alama za kukaa karatasi. Ongeza nyundo ya mbao na jiwe la kunolea lenye upande wa 1000 na upande wa 6000. Kisu butu ndicho hukata vidole: unakisukuma kwa nguvu, na kikiteleza hakisimami.

Karatasi. Vipande 15 vya washi (karatasi ya Kijapani) ya kozo, sentimita 18 kwa 25. Kozo ni mti wa jamii ya mforosadi wenye nyuzi ndefu kwenye gome, na ndizo zinazoifanya karatasi ivumilie kusuguliwa ikiwa na unyevu. (Jamaa yake wa karibu amesambaa katika baadhi ya misitu ya Uganda kama gugu.) Muulize muuzaji kama karatasi imetiwa dosa, yaani maji ya gundi ya ngozi na shabu. Isiyo na dosa hunywa rangi na kuisambaza kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Karatasi ya fotokopi haifai hata kwa mazoezi, inachubuka. Kata vipande vyote vikielekea upande mmoja wa nyuzi. Sababu utaiona mbele. Tafuta pia vipande sita vya washi nyembamba kabisa ya kubandikia, vikubwa kidogo kuliko hivyo 15.

Rangi. Wino mweusi wa sumi, buluu ya Prussia, njano ya udongo, kijani. Rangi za maji za tyubu zinatosha. Buluu ya Prussia ndiyo waliyoitumia sana Hokusai na Hiroshige, wachoraji wa chapa wa Japani, tangu miaka ya 1830, na kwa rangi inayofifia sijaona inayoishinda.

Nori. Huu ni uji wa mchele. Kijiko kimoja cha unga wa mchele, vijiko sita vya maji baridi, koroga hadi mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka uanze kung'aa. Uchuje kwa kitambaa. Ukipoa uwe mzito kama mtindi. Pika kila siku ya kazi, maana huchacha.

Brashi na bareni. Brashi tatu za nywele fupi zilizosongamana. Ya viatu ya nywele za farasi ni mbadala mzuri. Wachapaji wa Japani huunguza ncha za nywele kisha huzisugua juu ya ngozi ya papa ili zilainike. Wewe isugue ikiwa na maji kwenye msasa mgumu kwa dakika kumi. Bareni ni kisahani cha kusugulia: kamba ya nyuzi za ganda la mwanzi iliyozungushwa kama mkeka wa duara, juu yake kifuniko kigumu, na vyote vikafungwa ndani ya ganda jingine la mwanzi. Bareni halisi ni ghali. Ya plastiki yenye vinundu itakufikisha, na kwa chapa kavu utahitaji pia kijiko cha mbao.

Uwe na magazeti au karatasi tupu zinazonywa maji, mfuko mkubwa wa nailoni, vitambaa viwili safi na mafuta kidogo ya kupikia.

## Hatua ya 1: Chora ukifikiria mbao

Mchoro wako uwe sentimita 14 kwa 20, ndani ya mstatili wa sentimita 18 kwa 25 unaowakilisha karatasi. Ndege asimame kwa mguu mmoja, matete mawili pembeni, anga nyuma. Usiongeze kitu.

Tumia mistari michache. Kwa ndege mweupe, mstari unaonyesha ukingo wa mwili, ukunjo wa bawa na manyoya marefu ya mgongoni. Manyoya ya kifua usiyachore kabisa, yatakuja kwa chapa kavu. Wanaoshindwa hapa ni wale wanaochora kila unyoya. Wakichapa, yangeyange wao anafanana na kanga.

Chora pia kento, alama mbili za kukaa karatasi. Kwenye kona ya chini kushoto ya mstatili wa karatasi, weka pembe yenye mikono ya sentimita 2, inaitwa kagi. Kwenye ukingo huo huo wa chini, upande wa kulia lakini si kwenye kona, weka mstari mnyoofu wa sentimita 3; huo ni hikitsuke. Mchoro utabandikwa kifudifudi, kwa hiyo kwenye ubao kagi itakuwa kulia na hikitsuke kushoto. Kento hazichorwi baadaye kwa kukadiria. Huzaliwa pamoja na mchoro.

Nakili yote kwa wino mweusi kwenye washi nyembamba. Huo ndio mchoro wa kubandika, hanshita.

## Hatua ya 2: Bandika hanshita

Weka nori kwenye ubao, si kwenye karatasi. Isambaze kwa kiganja hadi ibaki utando mwembamba unaonata. Laza mchoro kifudifudi, wino ukigusana na ubao, kisha ulainishe kutoka katikati kwenda nje kwa kiganja kikavu. Kwa kuwa umelala kifudifudi, utachonga picha iliyogeuka, na ikichapwa itarudi sawa.

Usiivute karatasi kuondoa mikunjo. Karatasi yenye unyevu hunyooka kama taulo bichi, na ndege wako atarefuka bila wewe kujua. Mkunjo mdogo ni afadhali kuliko mvuto.

Ikikaribia kukauka, sugua mgongo wa karatasi kwa ncha ya kidole. Nyuzi za juu zitatoka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua. Ibaki tabaka jembamba, kisha ipake tone la mafuta. Umefaulu kama mistari inaonekana kana kwamba imechorwa juu ya mbao zenyewe.

## Hatua ya 3: Chonga ubao wa mistari

Shika kisu kwa ngumi, ncha ikielekea kwako, kidole gumba juu ya kishikio, na mkono wa pili ukiongoza karibu na makali. Kata kando ya mstari huku kisu kimeinama nje, ili mstari ubaki na kitako kipana kama tuta la viazi. Mstari uliokatwa wima huvunjika siku ya kuchapa. Kisha kata tena milimita mbili pembeni, ukiinamisha kisu upande wa pili, na kipande chembamba kitaruka chenyewe.

Manyoya marefu yachonge kutoka shinani kwenda nchani, ukilegeza mkono unapokaribia ncha. Mstari ufe taratibu, usikatike ghafla.

Ukimaliza mistari yote, ondoa mbao zilizobaki kati yao. Karibu na mistari milimita 2 zinatosha. Penye uwazi mpana shuka hadi 4, kwa sababu karatasi yenye unyevu hulegea na kugusa chini. Jicho uliache la mwisho, mkono ukiwa umezoea.

Kento sasa. Simamisha patasi ya milimita 15 wima kabisa juu ya mstari wa kento, upande bapa ukielekea nje ya picha, igonge mara moja, halafu chonga upande wa ndani kwa mteremko hadi ufikie mkato huo kwa kina cha milimita moja. Pitisha kona ya karatasi: isimame kwenye ukuta wa kento, isipande juu.

## Hatua ya 4: Toa kyogo

Kyogo ni chapa za mistari unazozibandika kwenye mbao nyingine ili kila ubao ujue mahali pake. Unahitaji tatu, na moja ya akiba.

Paka ubao wa mistari wino, na upake hata mbao zilizo nje ya kento, kisha weka karatasi nyembamba kubwa inayofunika yote na uisugue. Kento ikiwa imechapwa kwenye kyogo, nafasi kati ya ndege na kento itakuwa ile ile kwenye kila ubao. Usipofanya hivi utapima kwa rula, na rula haijui karatasi yako imenyooka kiasi gani.

Tumia wino mkavu iwezekanavyo na karatasi iliyo karibu kavu. Hapa ndipo ile hitilafu ya mdomo uliohama huzaliwa, wiki nzima kabla mtu hajaiona. Kyogo iliyolowa hupanuka, ikikauka husinyaa, ikibandikwa hupanuka tena, na kila mara kwa kiasi tofauti. Bandika kila moja kama ulivyobandika hanshita, kwa nori chache zaidi.

## Hatua ya 5: Chonga mbao za rangi

Ubao wa vipande una mdomo, vidole na matete. Viko mbalimbali, kwa hiyo uso mmoja unavitosha, kila kimoja kikipakwa kwa brashi yake.

Ubao wa anga ndio unaomzaa ndege. Chonga umbo lake lote litoke, ubaki na shimo lenye sura ya yangeyange lililozungukwa na uwanja bapa. Ukingo wa uwanja upite katikati ya upana wa mstari, si nje yake wala ndani yake. Ukipita nje, kutakuwa na uzi mweupe kati ya anga na ndege. Ukipita ndani, buluu itamlamba shingo. Matete na miguu usiyatoe. Anga lipite juu yake, rangi ni nyepesi na haitayafunika.

Shimo la ndege lishuke milimita 4 hata pembeni, na kuta zake ziwe safi. Rangi hupenda kujificha kwenye kuta hizo na kumpaka ndege doa ambalo halifutiki. Kila baada ya chapa mbili, lifute kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti.

Chonga kento za mbao hizi kwenye alama zilizochapwa, kwa patasi ile ile na mkono ule ule.

## Hatua ya 6: Ubao wa chapa kavu

Karazuri ni chapa bila rangi: karatasi inabonyezwa hadi ipate mistari inayoonekana kwa kivuli tu. Kwa ndege weupe haina mpinzani.

Kumbuka kwamba hapa mambo yanageuka. Karatasi hulazwa uso chini, kwa hiyo ukiibonyeza ndani ya mfereji, upande wa picha itainuka. Manyoya ya kifua na bawa yachonge kama mifereji laini yenye mviringo, kina cha milimita moja hadi moja na nusu, kwa patasi nyembamba ya mviringo. Mifereji yenye kingo kali huipasua karatasi.

## Hatua ya 7: Lowesha karatasi, jioni ya kuamkia kazi

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu mara mbili, iwe hii.

Chukua magazeti au karatasi tupu, pitisha brashi pana yenye maji, kisha panga: karatasi ya maji, vipande viwili au vitatu vya washi, karatasi ya maji tena, hadi mwisho. Usizimwagie maji washi zenyewe. Funga lundo lote ndani ya nailoni, weka ubao na uzito juu yake, uache usiku kucha. Unyevu utahama polepole na kujigawa sawa.

Asubuhi chomoa moja uiweke shavuni. Iwe baridi na laini, ilegee ukiishika kwa kona, lakini isiache umaji kwenye ngozi wala isimetemete kwenye mwanga. Inayong'aa imezidi: itandaze kati ya karatasi kavu kwa nusu saa. Inayotoa mlio wa kukwaruza ni kavu mno: irudishe kwenye lundo na uongeze maji kwenye magazeti.

Kwa nini unyevu? Karatasi kavu hupokea rangi juu ya ngozi yake tu, ndiyo maana anga linakuwa na mabaka. Yenye unyevu hufungua nyuzi na rangi huzama ndani. Hata hivyo karatasi hupanuka ikilowa, na hupanuka zaidi upande mmoja wa nyuzi kuliko mwingine. Ndiyo sababu nilikuambia uzikate zote zikielekea upande mmoja, na ndiyo sababu karatasi zikae ndani ya nailoni muda wote wa kazi, utoe moja tu unapoitumia. Kwenye joto la pwani kuvu huanza baada ya siku chache, kwa hiyo kama hutamaliza leo, lundo likalale kwenye friji.

## Hatua ya 8: Chapa mistari

Lowesha ubao kwa kitambaa na usubiri dakika chache. Mbao zina kiu, na zikikauka zitainyang'anya karatasi maji yake. Chapa tatu za kwanza zihesabu kuwa ni za ubao, si zako.

Sumi isiwe nyeusi. Izimue hadi iwe kijivu cha moshi, maana mstari mweusi hufanya ndege mweupe aonekane kama amefungwa waya. Weka matone machache ya rangi na tone dogo la nori kwenye ubao, zungusha brashi kuvichanganya, kisha malizia kwa mipapaso mepesi kufuata nyuzi za mbao. Uso ukiwa tayari huonekana kama mahameli. Ukiona vidimbwi au mapovu, rangi imezidi. Panguza uanze upya.

Shika karatasi kwa mikono miwili. Kona ya kulia iingie kwenye kagi kwanza, ibane kwa kidole gumba, kisha ukingo wa kushoto uguse hikitsuke, ndipo uiachie ilale. Pitisha bareni kwa mwendo wa nyoka, ukikandamiza kwa kitako cha kiganja na uzito wa bega. Tone la mafuta kwenye ganda la bareni huisaidia iteleze.

Chapa zote 15, kila moja ikirudi ndani ya nailoni.

## Hatua ya 9: Vipande vidogo

Vidole njano, matete kijani kilichofifishwa kwa tone la sumi, mdomo sumi nzito. Hapa utaona kama kento zako ni za kweli. Rangi ikihama, usikimbilie patasi. Tazama karatasi tano mfululizo kwanza.

Ikihama upande ule ule kwa kiasi kile kile, kosa liko kwenye kento. Nyoa ukuta wake kidogo ili karatasi isogee nje, au bandika kipande chembamba cha karatasi ukutani ili isogee ndani. Ikihama ovyo, mara huku mara kule, ni mkono wako katika kuweka: punguza haraka. Na kama kosa linakua kadiri karatasi zinavyosonga mbele, karatasi zinakauka na kusinyaa. Zifunge, lowesha magazeti, pumzika saa moja. Wasomaji wengi wamechonga kento upya mara tatu kwa tatizo ambalo lingetibiwa na kitambaa chenye maji.

## Hatua ya 10: Anga na rangi inayofifia

Kwanza chapa anga lote kwa buluu nyepesi sana iliyochanganywa na kijivu, bapa, kutoka juu hadi chini. Hapo ndipo yangeyange hujitokeza kwa mara ya kwanza, na kwangu haijawahi kuwa jambo la kawaida. Ukiona vitone vyeupe kama ufuta, nori ni chache au mkono umelegea. Wachapaji wa Japani hukifanya kitu hicho kwa makusudi na hukiita gomazuri, chapa ya ufuta. Kwa anga la theluji hupendeza. Usipokitaka, ongeza nori kidogo na ukandamize zaidi. Nori ikizidi nayo, rangi hukusanyika kingoni na kuacha mpaka mzito.

Zilaze karatasi ndani ya nailoni, safisha ubao, kisha anza bokashi, rangi inayofifia. Ubao ni ule ule wa anga.

Pitisha kitambaa chenye maji kwenye uwanja wote wa anga, uwe na unyevu sawa bila umaji kusimama. Chovya brashi pana kwenye maji na uikung'ute vizuri. Sasa tia buluu nzito na nori kwenye pembe moja tu ya brashi. Pembe hiyo ielekee ukingo wa juu wa picha, ile yenye maji tu ielekee chini. Vuta brashi kutoka kushoto hadi kulia na kurudi, mara nne au tano, kwenye mstari ule ule. Usiishushe ili kuifanya rangi ifike mbali. Brashi yenyewe inabeba rangi upande mmoja na maji upande mwingine, na katikati yake ndiko kufifia kunakotokea.

Tazama ubao kwa kuinama, macho yakiwa karibu na usawa wake. Buluu iyeyuke bila mstari unaoonyesha inapoishia. Ukiuona mstari, brashi ilikuwa kavu. Ukiona buluu imekimbilia chini kwa vidole, maji yamezidi: panguza yote, kwa sababu bokashi mbovu haitengenezeki kwa kuongezewa rangi.

Weka karatasi, sugua kwa nguvu juu na kwa wepesi panapofifia. Kisha rudia mara ya pili kwenye karatasi hiyo hiyo. Bokashi ya mara moja huwa dhaifu na wengi hujaribu kuitibu kwa buluu nzito, matokeo yake ni utepe mweusi juu ya picha. Mapito mawili mepesi hutoa kina ambacho pito moja zito halifikii.

Kila baada ya karatasi, futa sehemu ya chini ya ubao na suuza upande wa maji wa brashi. Rangi hutambaa chini kidogo kidogo bila kuonekana. Ukisahau, karatasi ya kwanza na ya kumi na tano zitakuwa na anga za siku mbili tofauti.

## Hatua ya 11: Chapa kavu

Hii ni ya mwisho kwa sababu bareni ikipita tena juu yake itayalaza manyoya yote uliyoyainua. Hakikisha karatasi bado ina unyevu, na ubao huu uwe safi na mkavu bila chembe ya rangi.

Weka karatasi kwenye kento, funika mgongo wake kwa karatasi laini, kisha bonyeza kwa mgongo wa kijiko cha mbao ukifuata mifereji. Kwa mifereji mipana tumia ncha ya kidole gumba au kiwiko. Inua kona utazame kwa mwanga wa pembeni: ukiwa mbele ya dirisha, kifua cha ndege kiwe na vivuli vyembamba vinavyotoweka ukiielekeza karatasi moja kwa moja kwenye jua. Karatasi ikipasuka, ilikuwa imelowa mno au mfereji una ukingo mkali, upige msasa.

## Hatua ya 12: Kukausha

Usizianike kwa pini kwenye kamba, zitajikunja kama majani ya mgomba. Ziweke kati ya kadibodi zinazonywa maji, ubao mwepesi juu, ubadilishe kadibodi baada ya saa chache na tena kesho yake. Ubao uwe mwepesi kweli, maana uzito mkubwa utayalaza manyoya. Ndani ya siku mbili zitakuwa zimenyooka, na rangi zitakuwa zimepauka kidogo kuliko zilivyokuwa na unyevu. Hilo ni la kawaida, kwa hiyo chapa inayofuata ongeza buluu kiasi.

Mbao zifute kwa kitambaa chenye maji, usiziloweke, kisha zisimamishe kwa ubavu hewa ipite pande zote mbili. Ukizilaza chini zitapinda, na kento ulizozitolea jasho hazitakutana tena. Brashi zioshe kwa maji baridi hadi nori yote iishe, na washi zenye unyevu ambazo hukuzitumia uzikaushe leo hii.